Waliokula wa Mwisho

Orodha ya kwanza niliiandika mimi. Hakuna aliyenilazimisha. Mkuu wa shule aliuliza kikaoni nani ana mwandiko mzuri, wenzangu wakanigeukia, nami nikatabasamu kama mtu aliyesifiwa. Nikachukua karatasi ya manila na kalamu mbili za rangi, nikakaa kwenye meza yangu karibu na dirisha, nikaanza kupanga majina ya watoto wa watu kutoka juu hadi chini. Wa juu kwa kijani. Wa chini kwa nyekundu. Nilinyoosha mistari kwa rula ili majina mekundu yasomeke vizuri hata na mtu aliyesimama mbali. Nikikumbuka ile rula nakasirika upya, na mtu wa kwanza kukasirikiwa ni mimi.

Ilikuwa shule ya wasichana ya bweni, upande wa Kamachumu. Nilikuwa nafundisha Kiswahili na kulea bweni moja. Nilikuwa nimekuja kutoka kwetu Maruku nikiwa mwalimu mpya, nikazoea baridi ya huko juu, nikazoea kengele, nikazoea kelele za wasichana wakigombania ndoo asubuhi. Shule haikuwa mbaya. Lakini matokeo yalikuwa yameshuka miaka miwili mfululizo, wazazi walianza kunung'unika, mkuu wa zamani akastaafu, na tukaletewa mwingine.

Huyu mpya alikuwa mtu nadhifu, bado kijana, viatu vyake viking'aa hata wakati wa masika ambapo sisi wote tulitembea na tope hadi kwenye vifundo vya miguu. Aliamka mapema kuliko walimu wote. Hakuiba kitu cha shule, hakunywa, hakupiga wanafunzi viboko. Ndiyo maana ilituchukua muda mrefu kumwelewa. Tulikuwa tumezoea kuogopa wakuu wa aina nyingine.

Neno lake lilikuwa motisha. Alilitumia asubuhi, mchana na jioni. Katika kikao cha kwanza alisimama mbele yetu na kusema:

"Walimu wenzangu, mwanafunzi wa kutwa tunaye saa chache tu. Wa bweni tunaye mchana na usiku. Anapolala ni kwetu, anachokula ni kwetu. Tumekaa juu ya motisha kubwa na hatuitumii."

Kisha akaeleza mpango. Kila Jumamosi mtihani. Jumapili asubuhi orodha inabandikwa bwaloni. Kumi wa kwanza wa kila kidato wangekaa kwenye meza yenye kitambaa cheupe, wapakuliwe kwanza, na wapewe yai na kipande cha papai. Wengine wangefuata kwenye foleni kwa nafasi zao. Wale wa nyekundu wangesimama mwisho kabisa, wakale kwenye mabenchi ya nje karibu na sinki, halafu waoshe masufuria. Hivyo hivyo mchana na jioni, wiki nzima, mpaka orodha nyingine itoke.

Mwalimu wa hisabati, mzee aliyekuwa amekaribia kustaafu, alinyoosha mkono. "Mkuu, chakula si haki ya mtoto? Akishindwa mtihani, tumbo lina kosa gani?"

"Hakuna atakayenyimwa chakula, mwalimu," mkuu akajibu kwa upole. "Watapangwa tu."

Watapangwa tu. Tuliridhika na hayo maneno mawili, sisi watu wazima wenye vyeti. Hakuna aliyeuliza tena.

Walimu nasi tulipangwa. Kila Jumatatu paredini, mbele ya wanafunzi wote, mkuu alimtaja mwalimu wa kwanza wa wiki na kumkabidhi kombe dogo la kuweka mezani. Kisha alimtaja wa mwisho, na wasichana waliagizwa wampigie kofi moja. Moja tu. Lile kofi moja la wasichana zaidi ya mia tatu lilisikika kama ubao umeangushwa sakafuni.

Wiki ya kwanza kombe nilipewa mimi, kwa usafi wa bweni langu. Nilifurahi. Nilipiga picha kwa simu nikamtumia dada yangu Bukoba mjini, akanijibu kwa vikatuni vya kupiga makofi. Aliyetajwa wa mwisho alikuwa yule mzee wa hisabati. Alisimama mbele ya wasichana, mikono nyuma, kama mwanafunzi aliyekamatwa na kosa. Kofi likapigwa. Nilikuwa karibu naye, nimekumbatia kombe langu, na sikumtazama.

*

Jikoni kulikuwa na mpishi mkuu, mama mjane wa kijiji cha jirani, aliyekuwa akipika hapo tangu baadhi ya walimu wetu wakiwa bado watoto. Wasichana walimwita Bibi. Alikuwa mfupi, mikono yake minene ina alama za kuungua hadi kwenye viwiko. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Alisoma kidogo utotoni na mengi ameyasahau, kwa hiyo Jumapili ile ya kwanza alinijia huku akijipangusa kwa aproni.

"Mwalimu, hii karatasi mliyobandika dirishani kwangu inasemaje?"

Nikamsomea na kumweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, macho yake kwenye majina mekundu.

"Kwa hiyo huyu wa kwanza anakula saa saba."

"Ndiyo, mama."

"Na huyu wa mwisho, njaa yake inaanza saa ngapi?"

Nilicheka. Nilidhani anatania. Yeye hakucheka, akarudi kwenye moto wake.

Mtu ambaye hajaishi kwenye bweni hawezi kujua mlo ni nini pale. Nyumbani mtoto akikosa cha mchana atachimba kiazi au atachoma ndizi. Bwenini hakuna migomba ya mama yako nyuma ya nyumba. Kuna kengele, kuna dirisha la kupakulia, basi. Foleni ilianza saa saba, na wa mwisho walifika dirishani saa nane imepita. Wakati huo ndizi zilikuwa zimepondeka na maharage yamebaki mchuzi. Mvua ikinyesha, na Kamachumu mvua haiombi ruhusa, walikula pale mabenchini wamejifunika madaftari kichwani. Kengele ya darasani ililia wakiwa bado na sahani mkononi. Wakifika darasani wakiwa wamechelewa, waliandikwa kwa kuchelewa.

Bibi alijaribu kuwatetea kwa namna yake. Alianza kuwatengea maharage kwenye sufuria ndogo, akaifunika kwa majani ya mgomba, ili wa mwisho nao wapate kitu kizito. Mwalimu wa taaluma aliigundua. Mkuu akamwita Bibi ofisini na kumwonya kwamba anawazoesha watoto uvivu. Sufuria ndogo ikaondolewa.

Wa kwanza nao hawakuwa na raha. Msichana mmoja wa kidato cha tatu, binti wa muuguzi wa Bukoba, hakuwahi kutoka kwenye meza ya kitambaa cheupe. Siku moja alinifuata bwenini wakati wa kufua.

"Madam, naomba nisikae kwenye ile meza."

"Wenzako wanaitamani, wewe unaikimbia?"

"Yai linanikaa hapa." Akagusa koo. "Wananiangalia, madam. Na nikishuka wiki moja tu nitaenda kusimama nao kule nje, na watanizomea. Naiogopa Jumapili kuliko mtihani wa taifa."

Nilimwambia akaze buti. Ndilo jibu nililompa mtoto aliyekuja kuniomba msaada. Akaze buti.

*

Katika bweni langu kulikuwa na msichana wa kidato cha pili kutoka Muleba mjini, binti wa fundi pikipiki. Alitoka shule ya msingi ya serikali ambako alisoma kila kitu kwa Kiswahili, na alipofika kwetu akakutana na Kiingereza kama mtu aliyegonga ukuta. Alikuwa anaelewa, lakini hakuwa na maneno ya kuonyesha kwamba anaelewa. Katika somo langu alikuwa hodari. Aliwahi kuandika insha kuhusu jinsi ya kufungua injini, na katikati yake aliweka ugomvi wa wateja wawili wanaogombania nani alitangulia, nikacheka peke yangu ofisini mpaka wenzangu wakaniuliza kuna nini.

Mtihani wa Jumamosi haukuwa na Kiswahili. Mkuu alisema Kiswahili kila mtu anakijua. Na mimi, mwalimu wa Kiswahili, nilimeza hilo nalo.

Basi binti yule alikuwa mwekundu wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kila wiki niliandika jina lake kwa mkono wangu, karibu na ukingo wa chini wa karatasi. Wiki ya nne niliona hajaenda bwaloni mchana. Nilimkuta amekaa kitandani anashona kifungo.

"Huli?"

"Nafunga, madam."

Ilikuwa Kwaresima. Shule yetu ilikuwa na wasichana wa Kilutheri na wa Kikatoliki, na wengi walifunga kwa siku walizojichagulia. Nikaamini. Hapana, niseme ukweli: nilichagua kuamini, kwa sababu kuamini kulikuwa rahisi na nilikuwa na madaftari ya kusahihisha. Aliendelea kunywa uji wa asubuhi pamoja na wenzake, kwa sababu uji haukuwa na orodha. Mchana na jioni hakwenda.

Jumatatu ya wiki ya sita tulikuwa paredini, manyunyu yakidondoka. Mkuu alikuwa anasoma majina ya wekundu kwa sauti, kila jina na alama zake. Alipofika kwa binti yule, nilisikia kishindo. Alikuwa ameanguka kifudifudi bila hata kutanguliza mikono. Wasichana wa mstari wake wakapiga kelele. Nilikimbia, nikamgeuza, pua inatoka damu na mdomo umejaa changarawe. Nikaita wenzangu wawili tukambeba.

Mkuu alisubiri tumtoe uwanjani. Kisha akaendelea kusoma. Nilimsikia nyuma yangu akitaja jina lililofuata.

Kwenye zahanati muuguzi alimpima malaria, akapima tena, hakuona kitu. Akamvuta ngozi ya mkono, akamtazama macho, akanigeukia.

"Mwalimu, huyu mtoto amekula lini?"

Nikasema amekunywa uji asubuhi.

"Sikuulizi uji. Amekula lini?" Kisha akauliza, "Shule yenu haipiki?"

"Inapika."

"Basi inampikia nani?"

Nilitamani sakafu inimeze. Alimtundikia dripu na kutoka nje ameudhika, na alikuwa na haki ya kuudhika. Binti alipofumbua macho nilimshika mkono.

"Kwa nini hukuniambia kwamba huli?"

"Nilichoka kusimama kule nje, madam."

"Lakini ungeniambia mimi. Mimi ni mlezi wako."

Alinitazama kwa mshangao wa kweli, si kwa ufidhuli. "Si wewe ndiye unayeandika?"

Nimefundisha miaka mingi. Nimetukanwa na wazazi, nimesemwa na wakaguzi. Hakuna kilichowahi kunipiga kama swali lile.

Nilirudi shule moja kwa moja hadi ofisini kwa mkuu, nikamweleza aliyosema muuguzi. Alinisikiliza akiwa amekunja vidole mezani.

"Usichanganye mambo, mwalimu. Chakula kilikuwepo, yeye hakwenda kukichukua. Huyo anatafuta huruma. Mpe wiki mbili, utaona anavyopanda."

Na mimi nilifanya nini? Nilisema, "Sawa, Mkuu," nikatoka. Hasira nilikuwa nayo, lakini niliibeba tumboni kama mtu aliyebeba maji ya moto kwenye kikombe, nikitembea polepole isimwagike.

*

Aliyeimwaga ni Bibi.

Habari za msichana kuanguka zilikuwa zimefika jikoni. Jumapili mkuu alitoka kanisani na suti yake, akaja bwaloni kusimamia foleni mwenyewe, kwa sababu wiki ile wasichana walikuwa wazito kujipanga. Mimi nilikuwa mwalimu wa zamu. Dirisha la kupakulia lilikuwa limefungwa. Lilipofunguliwa, Bibi alitoa kichwa nje na kusema kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake:

"Kaeni chini wote. Kila mtu na sahani yake, popote anapopenda. Napita na sufuria."

Wasichana hawakusogea. Walimtazama mkuu.

"Mama, fuata utaratibu," akasema mkuu.

"Utaratibu upi, baba?"

"Wa orodha. Unaujua."

"Mimi nimepika sufuria moja. Sikupika ya wenye akili na ya wasio na akili."

Kuna msichana alicheka, akanyamaza haraka. Mkuu alisogea karibu na dirisha na kushusha sauti, lakini bwalo zima lilikuwa kimya na kila neno lilisikika. "Pakua, mama. Hilo ni agizo."

Bibi alichukua upawa, akaupangusa kwa aproni taratibu, pande zote mbili, akamnyooshea kupitia dirishani.

"Basi pakua wewe, waitu. Mikono yangu imekataa."

Waitu ni neno letu la heshima. Alilisema kwa heshima kamili, na hilo ndilo lililomkasirisha mkuu zaidi. Akaupokea upawa. Akazunguka akaingia jikoni na suti yake, akaanza kupakua.

Hajui kupakua mtu yule. Kupakulia wasichana mia tatu kutoka kwenye masufuria yale ni ufundi wa miaka. Lazima mkono ujue kiasi gani kimebaki chini bila jicho kutazama. Yeye aliwajazia wa kwanza sahani hadi zikafurika. Mchuzi wa moto ukammwagikia mkononi, akaruka, akaendelea kwa hasira. Foleni ilipofika katikati akaanza kupunguza. Ilipofika kwa wekundu, upawa ulikuwa unakwaruza sufuria tupu. Wasichana zaidi ya hamsini walisimama pale na sahani safi. Mkuu alisema watakula vizuri jioni, akajipangusa mkono, akaondoka.

Nilikuwa mlangoni muda wote huo. Ningeweza kusema neno. Nilikuwa nimebana daftari la zamu kifuani. Baadaye nililifungua na kuandika: "Chakula cha mchana hakikutosha." Daftari hilo lipo mpaka leo, na uongo wangu umo ndani yake.

Jumanne Bibi alikuja ofisi ya walimu na bahasha ambayo haijafunguliwa.

"Nisomee, mwalimu."

Ilikuwa barua ya kumsimamisha kazi. Nilisoma polepole: utovu wa nidhamu, kukaidi agizo halali, kuvuruga programu ya motisha. Walimu wengine waliinamia madaftari yao. Nilipomaliza, Bibi aliuliza:

"Motisha ni nini, mwalimu?"

Mimi ni mwalimu wa Kiswahili. Maneno ni kazi yangu. Nilisema ni kitu kinachomfanya mtu apende kufanya kazi yake.

Akafikiri kidogo. "Mimi kazi yangu nilikuwa naipenda." Akaikunja barua, akaifunga kwenye pindo la kanga. "Miaka yote hiyo hakuna mkuu aliyewahi kuniandikia. Leo ndiyo nimeandikiwa."

Akatuaga mmoja mmoja, kwa Kihaya wale tunaojua Kihaya na kwa Kiswahili wale wasiojua, akashuka zake kwa njia ya vibanja, katikati ya mashamba ya migomba, kuelekea kwao. Hatukumsindikiza. Ofisi nzima ya watu wazima, na hakuna hata mmoja aliyenyanyuka kumsindikiza.

*

Jumamosi mchana mkuu alituma karatasi mpya ya manila mezani kwangu pamoja na alama. Niliirudisha ofisini kwake ikiwa tupu.

"Mbona hujaandika?"

"Siandiki tena."

"Unagoma, mwalimu?"

Niliisukuma karatasi mezani kwake. "Nagoma, Mkuu."

Alinitazama kama anayenihurumia, akaichukua karatasi hadi ofisi ya walimu, akampa mzee wa hisabati mbele ya wote. Nadhani alimchagua ili kumkomoa. Mzee aliishika karatasi, akaitazama, akasema mkono wake siku hizi unatetemeka. Mkuu akampa mwalimu wa kemia, binti mdogo aliyekuwa ameajiriwa mwaka ule. Naye akasema mwandiko wake mbaya. Wa jiografia akasema macho yanamuuma. Hakuna aliyesema hapana kwa sauti. Tulikuwa waoga bado. Lakini karatasi ilizunguka meza zote na kurudi ikiwa nyeupe, na kwa mara ya kwanza nilimwona yule mtu hajui aiweke wapi mikono yake.

Mwalimu wa taaluma aliichapa orodha kwa kompyuta, kwa herufi ndogo ambazo hazikusomeka. Sisi jioni hiyo hiyo tukaandika barua kwa bodi ya shule. Tulisaini saba tu. Wengine walituambia wanatuunga mkono moyoni.

Wiki iliyofuata alikuja baba wa yule binti. Alikuja na ovaroli yake ya kazi, inanuka petroli, kofia mkononi. Niliitwa ofisini kama mlezi. Mkuu alimweleza kuhusu ushindani, kuhusu mazingira yanayomjenga mtoto, kuhusu maumivu madogo ya leo. Yule baba alimwacha amalize.

"Mkuu, mimi sikusoma sana. Lakini ikiletwa kwangu pikipiki haiwaki, siiweki juani mpaka ione aibu. Naifungua nione ina nini."

"Mtoto si pikipiki, mzee."

"Ndiyo maana nimeshangaa."

Akaomba tranka na godoro la mwanawe. Mkuu alimsihi kidogo, si sana. Mimi nilikwenda bwenini kumsaidia binti kufungasha. Alikunja shuka zake vizuri, akamgawia jirani yake sabuni iliyobaki. Nilimwomba msamaha pale pale, tukiwa tumeinamia tranka.

"Sijui, madam," akajibu.

Sikumlazimisha aseme zaidi. Baba yake alifunga godoro nyuma ya pikipiki kwa mpira, tranka ikapakiwa kwenye bodaboda nyingine, wakashuka kuelekea barabara kuu ya Muleba. Wasichana walikuwa madarasani. Hakuna aliyepunga mkono isipokuwa mimi, na sikupungiwa.

*

Bodi ilikuja. Walitusikiliza, walimsikiliza mkuu, walikunywa chai. Meza ya kitambaa cheupe ikaondolewa, paredi ikarudi kuwa paredi. Katika muhtasari waliandika kwamba programu "imeboreshwa." Hakuna mahali walipoandika kwamba tulikosea. Bibi aliitwa arudi kazini, wapishi wengine wakatumwa kumwambia. Akajibu kwamba atarudi wakimpa barua, maana waliomfukuza walimfukuza kwa barua. Iandikwe kwamba hakufanya kosa, na isomwe bwaloni. Mpaka leo barua hiyo haijaandikwa, na Bibi hajarudi. Nakwenda kumwona mara kwa mara kibanjani kwake. Ananipikia ebitoke, ndizi zetu za kupika, ananiuliza habari za wasichana kwa majina, hata wale waliokwishamaliza. Hataki kabisa kuzungumza habari za shule ile. Nikianza, ananiambia nile kabla hazijapoa.

Mkuu alihamishwa mwisho wa mwaka, akapelekwa shule kubwa kuliko yetu. Kulikuwa na sherehe ya kumuaga, keki, na hotuba iliyomwita mbunifu. Wakati wa kukata keki nilitoka nje nikakaa jikoni na wapishi.

Binti yule anasoma shule ya kutwa Muleba sasa. Nilikutana naye stendi nikibadilisha basi, amekuwa mrefu, vitabu kwapani. Aliniamkia, nikamwitikia, nikamuuliza masomo. Akasema Kiingereza kimeanza kufunguka, kuna mwalimu anayewaruhusu waulize kwa lugha yoyote kwanza. Nilitaka kuongea mengi. Basi langu likapiga honi, akaniambia niwahi kiti.

Muhula uliopita tuliitwa semina Bukoba, walimu wa shule nyingi za bweni. Mada ilikuwa kuwatia moyo wanafunzi na watumishi. Mwezeshaji alikuwa na picha nzuri ukutani, na moja ilionyesha bwalo lenye meza maalumu ya washindi. Akasema huo ni mfano wa kuigwa. Nilisimama bila kunyoosha mkono. Nilieleza yote, kuanzia kalamu nyekundu mpaka sahani tupu, na sauti yangu ilipanda kuliko nilivyotaka. Mwezeshaji alishukuru kwa mchango wangu na kuhamia picha nyingine.

Wakati wa chai mwalimu mmoja kijana alinisogelea na kikombe chake, akaniuliza kwa heshima kabisa.

"Mama, mbona una hasira hivyo? Si yalishaisha hayo?"

Nikamuuliza shuleni kwake wanapanga vipi foleni ya chakula. Akatazama vitafunio mezani, akasema kwao ni kwa matokeo ya mtihani, lakini hakuna anayenyimwa.

Nikaweka kikombe changu chini, nikamwomba anitajie jina la mtoto anayekula wa mwisho. Hakulijua. Nikamwambia akalijue kesho asubuhi, kabla hajaingia darasani, na kwamba nitampigia simu kumuuliza. Akaniandikia namba yake kwenye kitambaa cha karatasi. Nilimpigia.